Barua ya wazi: Mkwawa alimwasi nani?

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma;
Ndugu Katibu Mtendaji, Baraza la Kiswahili la Taifa;
Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania.
Nakala: wahariri wa magazeti, redio na televisheni.

YAH: NENO "UASI" KATIKA MASOMO YA HISTORIA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Kongwa. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa linafundishwa kwa Kiswahili, na mimi ni mmoja wa waliolipokea jambo hilo kwa moyo mkunjufu. Ila limekuja na lake. Tulipokuwa tunafundisha historia kwa Kiingereza, mtoto alikariri neno, akaliandika kwenye mtihani, akalisahau. Lilikuwa halimgusi popote. Kwa Kiswahili analisikia. Neno linafika darasani likiwa na mambo yote aliyoyasikia nyumbani, msikitini, kanisani na redioni.

Siku moja niliandika ubaoni "Uasi wa Maji Maji, 1905–1907", kama kilivyoandika kitini nilichokuwa nacho mkononi. Binti wa kidato cha pili akanyosha mkono. "Mwalimu, waliasi nini?" Nikamwambia waliasi utawala wa Wajerumani. Akauliza tena, bila ubishi, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa: "Kwani walikuwa wamekubali kutawaliwa?" Darasa likacheka, mimi nikaahirisha jibu. Barua hii ni jibu lake, lakini nimeona niwaletee ninyi kwanza, kwa kuwa mnaoamua vitabu vyetu viseme nini ni ninyi.

Tuanze na neno lenyewe. Kuasi ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na kwa Kiarabu maana yake ya msingi ni kutotii. Mwasi ni asiyetii. Tangu liingie kwenye lugha yetu halikuacha kuwa neno la dhambi. Ijumaa khatibu akisema tujiepushe na maasi, hakuna anayefikiria bunduki. Kila mtu anajua anasema juu ya madhambi. Kwenye Biblia ya Kiswahili wana wa Israeli wanamwasi Mungu, na wakishamwasi yanawapata ya kuwapata. Nyumbani mtoto anayewaasi wazazi ni wa kuombewa, na wazee watakaa kikao kwa ajili yake. Hata utani wetu umeshika njia hiyohiyo: kijana akioa, wenzake wanasema ameuasi ukapera, kana kwamba kulikuwa na chama na yeye alikuwa mwanachama mwaminifu.

Katika matumizi yote hayo kuna kitu kimoja kisichokosekana. Anayeasi alikuwa tayari chini ya mtu ambaye ana haki ya kutiiwa: Muumba na kiumbe wake, mzazi na mtoto, askari na aliyemwapisha. Pasipo kifungo cha namna hiyo, Kiswahili hakikubali kuasi. Jirani yangu akija kuchukua mbuzi wangu nikamfukuza kwa fimbo, hakuna Mgogo wala Mrangi atakayesema nimemwasi jirani.

Basi turudi kwenye swali la binti. Nani alikuwa amekubali?

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walipita Uzigua, Ungulu, Usagara na Ukami wakikusanya alama za watemi na wakuu kwenye karatasi. Usagara ni majirani zetu hapa. Ukitoka Mpwapwa kuelekea mashariki umeshaingia. Kila mwanafunzi wetu anamjua Mangungu wa Msovero, aliyewekewa mbele yake mkataba wa urafiki wa milele na kwa mkataba huo ikasemekana ametoa nchi yake. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm wa Kwanza akatia saini hati ya kuziweka ardhi hizo chini ya ulinzi wake. Hakuna mkulima wa Usagara aliyejua kwamba siku ile alipata mfalme. (Tarehe ileile, miaka 21 baadaye, 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga kule Songea zaidi ya wapiganaji 60 wa Kingoni. Ndiyo siku ambayo Songea wanaikumbuka kila mwaka. Sidhani kama walionyonga waliipanga tarehe hiyo, lakini ningependa wanafunzi wangu wazijue zote mbili.)

Pwani nako ni vilevile. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, na Agosti mwaka huohuo wakala wa kampuni pale Pangani, Emil von Zelewski, akaanza kupandisha bendera na kuamrisha watu kama mwenye nyumba. Watu wa Pangani wakakataa, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wao. Vita vile havikubaki pwani. Katikati ya mwaka 1889 Abushiri alifika mpaka Mpwapwa, akaishambulia na kuivunja stesheni ya kampuni. Mpwapwa hii hii, ambako wenzangu wa chuo cha ualimu wanapita kila siku. Desemba 15 mwaka ule alinyongwa Pangani.

Sasa, Abushiri alimwasi nani? Kampuni haikuwa imemtawala hata mwaka mmoja. Na kama ni Sultani, kosa la Sultani lilikuwa ni hilo la kukodisha watu kama shamba. Unaweza kusema Abushiri alipigana, alipinga, alishambulia, alichoma. Yote ni kweli. Kuasi ndiko kunakohitaji maelezo.

Mkwawa ndiye ananipa kazi zaidi, kwa sababu kwake neno hili linageuka kichekesho. Zelewski yuleyule wa Pangani, safari hii akiwa kamanda wa jeshi la kikoloni, alipanda na kikosi chake kuingia Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikivizia wakakimaliza, na Zelewski mwenyewe akafa hapo. Mkwawa hakuwa ametia alama karatasi yoyote ya kumkabidhi Kaizari nchi. Hakuwa amelipa kodi kwa Mjerumani. Alikuwa mtawala kwake, akavamiwa, akashinda vita vya kwanza, akaendelea kupigana hadi alipojiua Julai 1898 asikamatwe. Tukimwita mwasi tunasema kwamba Uhehe ulikuwa wa Wajerumani hata kabla Wajerumani hawajafika.

Nimewahi kuambiwa na mwalimu mwenzangu kwamba ninatafuta ubishi, kwamba uasi ni tafsiri tu ya neno la Wazungu na wao ndio walioandika historia. Nikamwomba tuyatazame hayo maneno ya Wazungu. Neno la Kiingereza linalotajwa sana katika habari za vita, insurgent, linatokana na kitenzi cha Kilatini insurgere, yaani kuinuka dhidi ya jambo au mtu. Ndani yake hakuna dhambi. Kuna mtu aliyekuwa chini, au ameketi, akainuka. Lile jingine, rebel, nalo ni la Kilatini, limejengwa juu ya neno la vita na kiambishi cha kurudia: ni mtu aliyekwisha kushindwa vitani akaanzisha vita upya. Hata kwa kipimo hicho cha Warumi, ambao hawakuwa watu wa huruma, Mkwawa wa mwaka 1891 hafai kuitwa hivyo. Alikuwa hajashindwa.

Wajerumani je? Gavana aliyekuwepo wakati wa Maji Maji, Graf von Götzen, mwaka 1909 alichapisha kitabu chake kuhusu vita vile. Kwenye jina la kitabu aliweka neno Aufstand. Livunje neno hilo vipande viwili unapata "juu" na "kusimama". Simfanyi Götzen kuwa rafiki yetu. Ni yeye aliyesimamia kuchomwa kwa mashamba na maghala mpaka njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000. Na najua Mjerumani akilitamka neno lile hakuwa anasifu. Lakini tazameni tulipofikia: lugha ya aliyetuchoma inasema walisimama, ya kwetu inasema walikosa adabu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Aliyetafsiri alichukua tukio la kuinuka akalipa jina la kutotii. Kutoka hapo kila kitini kimenakili kitini kilichotangulia.

Nisieleweke kwamba nataka neno uasi lifutwe. Nalihitaji, tena sana, kwa mambo yake halali. Chukueni Januari 1964. Tarehe 12 ya mwezi ule Zanzibar ilipinduka, na sote tunasema Mapinduzi, kwa herufi kubwa, na siku hiyo hatuendi kazini. Tarehe 20, siku nane tu baadaye, askari wa Tanganyika Rifles pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakidai mishahara na vyeo. Tukio hilo tunaliita maasi ya jeshi, na tunaliita sawasawa. Wale walikuwa wamekula kiapo kwa nchi huru. Serikali ililivunja jeshi lile na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikaunda Jeshi la Wananchi. Kambi ya Colito nayo ikapewa jina jipya. Mnajua jina hilo: Lugalo. Yaani palepale penye maasi ya kweli, nchi ikabandika jina la ushindi wa Mkwawa. Walioamua jina hilo walijua tofauti ya mwasi na mtu anayelinda kwake. Vitini vyetu ndivyo vilivyowachanganya.

Vivyo hivyo redioni. Sina neno mtangazaji anaposema waasi wa M23 huko Kongo. Kundi lile lilianzishwa mwaka 2012 na askari waliokuwa ndani ya jeshi la nchi yao, wakatoka na silaha zao. Vijana wetu wa JWTZ walikuwa katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopambana nao mwaka 2013. Kiapo kilikuwepo, kikavunjwa. Ninachoomba kwa wahariri ni kwamba neno hilo wasilitumie kwa mkupuo kila mahali mtu anaposhika silaha, au hata asipozishika. Kuna wapiganaji, kuna wanamgambo, kuna magaidi, kuna waandamanaji. Ni watu tofauti, na wakati mwingine tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Sasa nije Kongwa, maana huku ndiko ninakoandikia, na nadhani wilaya yetu ina haki ya kusikilizwa katika jambo hili kuliko nyingine.

Watu wengi wanaijua Kongwa kwa karanga: ule mradi wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufungwa 1951, baada ya ukame, udongo mgumu na matrekta yaliyochakaa kumaliza fedha za walipa kodi wao. Walituachia majengo na njia ya reli isiyo na mzigo. Baadaye kidogo, kuanzia 1964, mahali hapo pakawa kambi. FRELIMO wa Msumbiji walikuwepo, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Vijana kutoka nchi tano walijifunza vita kwenye vumbi la Ugogo, wakanunua maziwa na mtama kwa mama zetu, na baadhi yao hawakurudi makwao, makaburi yapo.

Waliitwaje huko walikotoka? Wareno waliwaita magaidi. Makaburu waliwaita magaidi. Marekani iliiacha ANC, na Mandela mwenyewe, kwenye orodha yake ya magaidi hadi mwaka 2008, alipokuwa mzee anayekaribia miaka 90 aliyekwisha kuwa rais na kustaafu. Na Kongwa waliitwaje? Wapigania uhuru. Mzee asiyejua kusoma alisema "wale wapigania uhuru wa kambini" kama anavyosema "wale wa misheni". Hakuna aliyekaa mezani kulitafsiri neno hilo kutoka popote. Liliundwa kwa Kiswahili, likaenea kwa redio na kwa midomo, na likakataa kabisa kumwangalia mtu kwa macho ya aliyekuwa anamtawala. Miaka ile serikali haikuwa na fedha lakini kwenye maneno ilikuwa tajiri.

Ndiyo maana inaniuma kidogo. Tuliweza kumpa kijana wa Maputo jina la heshima alipoinuka dhidi ya Mreno, babu wa Matumbi aliyeng'oa pamba kule Nandete mwezi Julai 1905 tukamwachia lile la mwana mpotevu. Kinjekitile Ngwale, mganga wa yale maji yaliyoipa vita jina, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndio kwanza vinaanza. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yale waliyotenda. Rais wa nchi iliyonyonga ameinama. Mtoto wetu siku ya pili yake anaulizwa kwenye mtihani wa majaribio ataje sababu tano za kushindwa kwa waasi.

Kuna watakaosema nataka kuwapaka asali watu wa kale. Hapana. Abushiri alikuwa mwenye mashamba na watumwa Pangani, na darasani kwangu hilo linasemwa. Wapiganaji wa Maji Maji walimuua Askofu Cassian Spiss na wamisionari wenzake waliokuwa safarini bila jeshi, na hilo nalo linasemwa. Mkwawa aliwatenda vibaya majirani zake, wakiwemo watu wa huku kwetu kaskazini ya Uhehe. Kwa sababu hiyo hata neno mashujaa silitaki likae kwenye kila sentensi ya kitabu. Linafaa siku ya kuweka mashada, ila likizidi darasani mtoto anaacha kufikiri. Nataka neno lisilohukumu kabla ya somo kuanza.

Sasa lipi? Hapa BAKITA mnisaidie, kwa kuwa kazi hiyo ni yenu kwa mujibu wa sheria tangu 1967. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kuinuka na kila kimoja kina tabia yake. Kuzuka kumetupatia mzushi, huyo hatumtaki. Kuibuka ni kwa mshindi wa bonanza na kwa mgonjwa wa ghafla. Kuondoka, katika Kiswahili cha zamani, kulikuwa ni kusimama kutoka ulipoketi, lakini leo ukiandika "Wamatumbi waliondoka" mwanafunzi atauliza walihamia wapi. Kuamka ni kuzuri ila wanasiasa wamelichosha. Kunyanyuka na kuinuka ndivyo vilivyo karibu zaidi na jambo lenyewe. Kusimama kuna uzito wake pia. Mtu akisema "tulisimama" katika kesi ya ardhi, kila mwenye shamba anaelewa.

Mimi kwa maoni yangu ningeshika njia fupi. Ilipokuwa vita, tuseme vita: Vita vya Maji Maji, kama wengi wanavyosema tayari na kama makumbusho ya Songea yanavyosema. Vita vya Abushiri. Vita vya Mkwawa na Wajerumani. Watu wenyewe tuwaite wapiganaji, au walioinuka, au tuwataje kwa majina ya nchi zao: Wamatumbi, Wangoni, Wahehe. Mahali ambapo hapakuwa na vita, pakawa na kukataa kodi au kuficha ng'ombe, tuseme upinzani. Uasi tuuweke akiba kwa mwenye kiapo.

Najua maneno hayatulii. Hapa Ugogo tunajua kuliko wengi. Misafara iliyopita nchi hii kwenda Tabora na Ujiji karne ya 19 ililipa hongo kwa watemi wa Kigogo, na hongo ilikuwa ushuru wa njia: unapita kwa mtemi, unakunywa maji ya visima vilivyochimbwa kwa jasho la watu katika nchi kame, unatoa nguo na shanga. Wasafiri wa Kizungu walilalamika kurasa kwa kurasa. Leo hongo ni kosa la jinai na lina taasisi nzima ya kulipiga vita, ambayo nayo ipo hapahapa Dodoma. Siombi hongo irudi kuwa ushuru, msije mkanifungulia jalada. Nasema tu kwamba neno linaweza kuhama upande bila yeyote kupiga kura, na mtoto asipoambiwa atasoma kwamba watemi wa Ugogo walidai hongo na atacheka.

Halafu kuna wasioandikwa kabisa. Mashabiki wa mpira wanaujua Uwanja wa Liti pale Singida. Nimewauliza wanafunzi Liti ni nani, wengi wanadhani ni jina la mtaa. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja Liti kuwa mwanamke aliyewaongoza watu wake dhidi ya askari wa Kijerumani, akitumia nyuki. Taasisi ya Elimu ingepeleka watu Singida na vinasa sauti sasa hivi, wazee wangali wapo, ingepata sura nzima ya kitabu. Wakifika huko nawaomba jambo moja: wawasikilize wazee wanavyomwita kwa Kinyaturu, kabla ya kwenda kumtafsiri. Sidhani watamkuta mzee anayesema Liti alikuwa mtovu wa utii.

Kenya hapo jirani tahadhari ipo. Sheria ya mkoloni iliyowaharamisha Mau Mau ilibaki kitabuni hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Miaka yote hiyo mzee aliyekaa msituni alikuwa, kwa maandishi, mhalifu katika nchi aliyoipigania. Sisi hatukuwa na sheria kama hiyo. Letu ni neno tu, na kulibadilisha hakuhitaji muswada wala kikao cha Bunge.

Kwa hiyo ninayoomba ni haya. Mheshimiwa Waziri, Wizara itoe waraka mfupi kwa shule na kwa wachapishaji kuhusu istilahi za mapambano dhidi ya ukoloni, kabla vitabu vya kiada havijachapishwa tena. Taasisi ya Elimu ipitie miongozo ya mwalimu, maana walimu tunaiamini hiyo kuliko kitabu. Baraza la Mitihani, ingawa sikuliandikia moja kwa moja, lipewe nakala; swali likitumia neno fulani, nchi nzima inalitumia kuanzia Novemba ile. BAKITA mkae na wanahistoria, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wapo kilomita chache kutoka Mtumba na wana watu wa lugha na wa historia, mtoe pendekezo. Mkiona "walioinuka" halifai, leteni bora. Mimi si mkaidi. Ila msituletee neno refu la kamati ambalo mtoto wa Kibaigwa hawezi kulitamka.

Na kama nafasi itapatikana, makaburi ya kambi ya Kongwa yawekewe maandishi ya kutosha kwa Kiswahili, yakieleza waliolala pale ni kina nani, walitoka wapi na wenyeji waliwaitaje. Wanafunzi wangu wanafika kwa miguu. Tunachokosa ni cha kusoma tukifika.

Mtanisamehe kwa urefu. Mji wa Dodoma, kwa masimulizi ya wazee wa Kigogo, umepata jina kwa tembo aliyedidimia kwenye tope, kwa hiyo habari za kuinuka huku tunazichukulia kwa uzito wa pekee.

Nikipata majibu nitayabandika kwenye ubao wa matangazo wa shule. Kwa sasa, kwenye maandalio yangu ya somo ya muhula huu, nimeshaandika Vita vya Maji Maji, na mkaguzi akija nitamwonyesha nakala ya barua hii.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Historia na Kiswahili,
Wilaya ya Kongwa, Dodoma.